Matunzo ya mtoto mahakamani: ni fedha za nani, na zinafikaje mkononi

Anayefika masijala ya mahakama kwa mara ya kwanza huwa amebeba hadithi nzima. Walivyokutana, ahadi zilizotolewa, siku mwenzake alipofungasha nguo akaondoka, simu zisizopokelewa, mpenzi mpya. Karani anasikiliza dakika mbili, kisha anauliza swali linalomkata mtu maneno: "Sasa unaomba nini?"

Si kwamba karani hana huruma. Mahakama haiwezi kutibu hadithi, inaweza kujibu ombi. Na ndani ya hadithi ile moja mara nyingi yamo maombi manne yaliyosokotana: nani mzazi wa mtoto huyu, mtoto aishi na nani na mwingine amwone lini, matunzo yawe kiasi gani, na fedha zipatikaneje iwapo anayedaiwa hataki kutoa. Kila moja lina sheria yake na ushahidi wake, na katika nchi nyingine lina hata ofisi yake. Anayevuta uzi mmoja akidhani amevuta yote minne ndiye anayezunguka mwaka mzima na bahasha mkononi bila kupata hata senti.

Kabla ya kuzifumua nyuzi hizo, kuna jambo moja la kushika kwa sababu linalegeza mafundo karibu yote: fedha za matunzo ni za mtoto. Si fidia ya kuachwa, si adhabu ya usaliti, wala si mshahara wa kulea. Mzazi anayeishi na mtoto anazipokea kama mtunza hazina anavyopokea michango. Zinapita mikononi mwake, lakini si zake.

Mafundo yanayofunguka mapema

Kwa kuwa mzazi anayelea ndiye anayefungua kesi na akaunti yake ndiyo inayopokea, ni rahisi kwa pande zote mbili kuliona jambo hili kama deni kati ya watu wawili waliowahi kupendana. Sheria hailioni hivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 27, unawataja wazazi kuwa wa kwanza kuwajibika kwa maisha ya mtoto kwa kadiri ya uwezo wao, kisha unazitaka serikali zihakikishe matunzo yanapatikana kutoka kwa anayewajibika, hata akiwa nchi nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, imeweka wazi kwamba wajibu wa baba na mama ni sawa, wawe wameoana au hawajaoana.

Kinachofuata hapo ni kigumu kumeza. Mzazi anayezuiwa kumwona mtoto hapati ruhusa ya kuacha kulipa. Na asiyelipa hapotezi, kwa kosa hilo peke yake, nafasi ya kumwona mtoto. Hapa ndipo watu wanapojiharibia kesi nzuri. Mama anasema, "Asiyelisha hana mtoto," anafunga mlango. Siku ya kesi, mjibu maombi, yaani mzazi anayedaiwa, ambaye hakuwa na la kujitetea anasimama na kulalamika kwamba amezuiwa kumwona mwanawe miezi minane. Hakimu aliyekuwa akitafuta kiwango cha matunzo sasa ana mgogoro wa pili mezani, na katika huo mlalamikaji ni yule asiyelipa. Kama kumtembelea mtoto kuna hatari, ombi la kuzuia lipo na linapelekwa kwa jina lake na kwa ushahidi wake. Lisifanywe rehani ya ada ya shule.

Zile karatasi za "sitadai chochote" nazo zinaanguka kwa sababu hiyohiyo. Wengi huandikiana siku ya kuachana, mmoja akitaka tu aondoke kwa amani. Lakini mtu hawezi kusamehe deni lisilo lake, ndiyo maana mahakama nyingi huziweka karatasi hizo kando zikaangalia mtoto anahitaji nini leo. Kuolewa tena au kuoa tena kwa kawaida hakumwondolei mzazi wa kuzaa wajibu wake. Na sababu ya ndoa kuvunjika, ambayo ndiyo sehemu ndefu kuliko zote katika hadithi ya kule masijala, katika uzi wa matunzo haina uzito wowote.

Kwanza ijulikane nani mzazi

Kama wazazi walikuwa wameoana mtoto alipozaliwa, sheria za nchi nyingi humchukulia mume kuwa ndiye baba hadi ithibitishwe vinginevyo, na uzi huu unaishia hapo. Kwa wasiooana huangaliwa cheti cha kuzaliwa, kukiri kwa maandishi, au mwenendo wa miaka: amekuwa akilipa ada, amemwandikisha mtoto kwenye bima yake, amemtambulisha kwa ndugu zake. Vyote vikikosekana au vikikanwa, mahakama huamuru kipimo cha DNA.

Kipimo chenyewe ni kijiti chenye pamba kinachopanguswa ndani ya shavu, la mtoto na la anayetajwa kuwa baba, na mara nyingi la mama pia. Jibu la kukana ni la uhakika. Jibu la kukubali hutolewa kama uwezekano, kwa kawaida zaidi ya asilimia 99. Kinachoangusha vipimo mahakamani ni swali la nani aliyetoa sampuli ipi, na nani aliishika njiani hadi maabara. Kipimo kilichonunuliwa mtandaoni na kufanyiwa sebuleni hakina jibu la swali hilo, kwa hiyo usipoteze fedha. Subiri amri, na maabara inayotambuliwa. Naye anayekataa kwenda kupimwa hajiokoi, kwa kuwa mahakama nyingi zinaruhusiwa kuusoma ukaidi huo dhidi yake.

Watu wengi pia hawajui kwamba ombi la kumtambua mzazi lina mipaka ya muda, na kwamba wakati mwingine mipaka hiyo ni mipana kuliko wanavyodhani. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kwa mfano, inaruhusu ombi hilo kupelekwa hata kabla mtoto hajazaliwa, na hata ndani ya miaka 3 baada ya mzazi anayetajwa kufariki. Hilo la pili hugusa mirathi, na ndugu wa marehemu huwa hawalipendi.

Pa kuanzia

Si kila nchi inampeleka mzazi moja kwa moja kwa hakimu. Uingereza iliunda chombo cha serikali cha kukokotoa na kukusanya matunzo mwaka 1993. Mahakama ikabakiwa na mambo ya pembeni kama ada za shule, gharama za ulemavu, na mzazi aliye nje ya nchi. Marekani, kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1975, kila jimbo lina ofisi ya matunzo inayomtafuta mzazi aliyetoweka, kuthibitisha uzazi, kupeleka ombi mahakamani na kukusanya fedha. Huduma hiyo ina thamani kubwa kwa asiye na wakili, ila ieleweke kwamba kwa kawaida mwanasheria wa ofisi ile anaiwakilisha serikali na hafungwi na matakwa ya mzazi anayelea. Kwingine safari huanzia kwa afisa ustawi wa jamii au ofisi ya watoto, ambako wazazi huitwa wakae wazungumze.

Mazungumzo hayo yasidharauliwe. Mtu aliyekubali kiasi kwa mdomo wake hulipa kwa urahisi kuliko aliyeamriwa. Lakini makubaliano ya mdomo, au ya karatasi iliyobaki kwenye droo, hayakaziwi na mtu yeyote, yaani hakuna wa kulazimisha yatekelezwe. Yaandikwe kiasi, tarehe ya kulipa, njia ya malipo, na nani anabeba matibabu na shule, kisha mahakama iombwe kuyafanya kuwa amri yake. Gharama ya hatua hiyo ni ndogo, na bila hiyo kila kitu huanza upya siku mmoja atakapobadili nia. Kama kulikuwa na kipigo au vitisho, sema mapema, kabla ya tarehe ya usuluhishi kupangwa. Mahakama nyingi zinaweza kuwaweka watu vyumba tofauti, kuruka usuluhishi, au kuificha anwani ya mleta maombi.

Kisha kuna suala la tarehe. Katika mahakama nyingi matunzo huhesabiwa kuanzia siku ombi lilipopokelewa na kugongwa muhuri. Miezi ya nyuma ambayo mtu alilea peke yake mara nyingi hairudishwi, au hurudishwa kwa vita. Kwa hiyo kila "nitatuma mwezi ujao" inayosikilizwa kwa subira inaweza kuwa mwezi uliokwisha potea. Kufungua ombi hakuzuii kuzungumza. Mnaweza kuendelea kuzungumza huku saa inahesabu.

Ombi huambatana na kiapo, na kiapo kizuri ni kifupi: mtoto ni nani, anaishi wapi na nani, mahitaji yake ni yapi, mjibu maombi anafanya kazi gani, amechangia nini na tangu lini ameacha. Baada ya hapo mjibu maombi lazima apate wito, na uthibitisho kwamba ameupata urudi mahakamani. Kesi nyingi hulala hapa. Tarehe inafika, hakimu anauliza kama mjibu maombi amepata wito, hakuna hati ya kuthibitisha, inapangwa tarehe nyingine. Njoo na kila kinachoweza kumfikia: mahali pa kazi, namba ya simu anayoipokea, nyumba ya wazazi wake. Akiwa hapatikani kabisa, omba ruhusa ya kumfikishia wito kwa njia mbadala. Na usingoje hukumu ili mtoto ale: omba amri ya muda siku ileile unayowasilisha ombi kuu. Isipoombwa, mara nyingi haitolewi, maana tunarudi kulekule kwa karani, unaomba nini?

Daftari

Kama ningeruhusiwa kumpa mzazi kitu kimoja tu kabla hajaenda mahakamani, ningempa daftari la mistari la mwanafunzi. Kurasa zigawanywe safu nne: tarehe, kitu, kiasi, risiti. Ukurasa wake unasomeka hivi: tarehe 9, viatu vya shule, kiasi, risiti namba 14. Tarehe 11, nauli ya kliniki kwenda na kurudi, kiasi, hakuna risiti. Tarehe 17, baba alituma kwa simu, kiasi, ujumbe umehifadhiwa. Tarehe 20, dawa ya kifua, kiasi, risiti namba 15.

Mstari wa tarehe 17 ndio unaowashangaza watu. Kwa nini niandike alichotoa yeye? Kwa sababu atakuja na taarifa yake ya miamala iliyochapwa, kila alichotuma kimepigwa mstari. Mleta maombi aliyeapa kwamba "hajawahi kutoa hata senti" hapo anakuwa ameshikwa na uongo, na hakimu atakayetilia shaka sentensi hiyo atazitilia shaka na zile za viatu na dawa. Mleta maombi anayesema "alituma mara tatu mwaka jana, hizi hapa tarehe zake" ameshaaminiwa kabla hajaanza kuhesabu mahitaji.

Miezi mitatu ya daftari inatosha kuzaa bajeti ya mtoto. Kuna gharama za kila mwezi, na zipo za mara moja kwa mwaka ambazo watu husahau kabisa: sare, ada, vitabu, bima, nguo za msimu wa baridi. Hizo zijumlishwe kwa mwaka mzima, zigawanywe kwa 12. Halafu kuna gharama za nyumba. Kodi ya nyumba wanamoishi watu watatu haiwezi kuandikwa yote kwa jina la mtoto mmoja. Weka theluthi yake, na uandike kwamba ni theluthi. Anayeonyesha hesabu yake haulizwi sana.

Bajeti iliyonenepeshwa hujiuza yenyewe. Tarakimu zote zinaishia na sifuri, chakula cha mtoto wa miaka minne ni sawa na cha watu wazima wawili, burudani imezidi matibabu. Kuna dhana kwamba mahakama itakata nusu tu, kwa hiyo uombe mara mbili. Mahakama nyingi hazikati kwa nusu. Zikishaona kipengele kimoja cha kubuni, vingine vyote hutakiwa risiti. Afadhali uombe kinachostahili ukakitetea hadi senti ya mwisho.

Kwa ujumbe wa simu, usichape sentensi moja iliyokatwa. Chapa mazungumzo yote ya siku ile, tarehe na namba zikionekana, pamoja na majibu yako mwenyewe. Na tangu sasa andika majibu yako ukijua kwamba siku moja yanaweza kusomwa kwa sauti mbele ya hakimu.

Kiasi kinavyofikiwa

Watu huuliza "mahakama inatoa ngapi" kana kwamba kuna bei. Kuna njia, na zimegawanyika katika familia tatu.

Ya kwanza huchukua asilimia ya kipato cha mzazi asiyeishi na mtoto. Jimbo la Wisconsin nchini Marekani linajulikana kwa hiyo: asilimia 17 kwa mtoto mmoja, 25 kwa wawili, 29 kwa watatu. Chombo cha Uingereza nacho, kwa kiwango chake cha kawaida, huanzia asilimia 12 ya kipato ghafi cha wiki kwa mtoto mmoja, 16 kwa wawili, 19 kwa watatu au zaidi, kisha hupunguza kadiri mtoto anavyolala kwa mzazi anayelipa: akilala kwake kati ya usiku 52 na 103 kwa mwaka, kinapungua sehemu moja ya saba. Hapo ndipo idadi ya usiku inapogeuka uwanja wa vita, na daftari linapata safu ya tano.

Ya pili, inayotumiwa na majimbo mengi ya Marekani, hujumlisha vipato vya wazazi wote wawili na kuuliza: hawa wangeishi pamoja, wangemtumia mtoto kiasi gani? Kisha hugawa. Tuseme mzazi anayelea anaingiza 400 kwa mwezi na mwingine 600. Pamoja ni 1,000. Jedwali likisema familia ya kipato hicho hutumia 200 kwa mtoto mmoja, mzazi wa pili anabeba asilimia 60, yaani 120. Zile 80 zilizobaki hazilipwi kwa mtu yeyote. Zinahesabiwa kwamba mzazi anayelea anazitumia tayari, kila siku, ndani ya nyumba. Wengi hushtuka kuulizwa mshahara wao wakati wao ndio wanaodai. Swali hilo halina dharau. Hesabu haiendi bila namba ya pili.

Ya tatu humwachia hakimu apime mwenyewe kwa vigezo vilivyotajwa na sheria. Sheria ya Mtoto ya Tanzania iko humu: kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao kwa watoto wengine, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Njia hii inanyumbulika, lakini mahakimu wawili wanaweza kufikia kiasi tofauti kwa ukweli uleule, na hapo ubora wa bajeti yako ndio unaoamua. Ujerumani wamepata njia ya katikati: Jedwali la Düsseldorf, linalotolewa na mahakama ya rufaa ya mji huo tangu mwaka 1962. Si sheria, lakini mahakama nchi nzima hulifuata.

Kuandika kiasi ndani ya sheria yenyewe ndiko kubaya kuliko njia zote. Tanzania ilikuwa na sheria iliyoweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa nje ya ndoa. Bei zilipanda miongo kadhaa, shilingi 100 ikabaki palepale, hadi sheria ile ilipofutwa mwaka 2009. Kwa hiyo ukiandika makubaliano yako mwenyewe, weka kipengele cha kupitia kiasi kila mwaka.

Vipi mdaiwa akija na slipu ya mshahara mdogo, au akiacha kazi wiki moja baada ya kupata wito? Mahakama nyingi zina jibu: kipato cha kukadiriwa. Huangaliwa anachoweza kuingiza kwa elimu, ujuzi na historia yake. Kwa mwenye biashara isiyo na vitabu huangaliwa anavyoishi: gari, kodi ya nyumba anayolipa, picha za safari alizozitundika mwenyewe mtandaoni. Kazi ya mleta maombi ni kuleta vitu hivyo kwa utulivu, vikiwa na tarehe, na kuomba mjibu maombi aamriwe kuleta taarifa za benki. Kusema "ana hela huyu, namjua" si ushahidi, hata kama ni kweli tupu.

Siku ya kusikilizwa yenyewe huwa fupi kuliko hofu yake. Unaweza kungoja kwenye benchi asubuhi nzima ukaingia kwa dakika kumi na tano. Jibu ulichoulizwa, kwa hakimu na si kwa mwenzako. Akisema uongo, usimkatize. Geuza ukurasa wa daftari, taja tarehe.

Amri imetoka, fedha hazijaja

Wengi hudhani hukumu ndiyo mwisho. Kwa mdaiwa mkaidi ni nusu ya njia, na ndiyo maana uzi wa nne unastahili kuombwa tangu mwanzo, mle ndani ya ombi la kwanza. Omba makato yatoke moja kwa moja kwenye mshahara. Nchini Marekani hiyo ndiyo kanuni ya kawaida kwa walioajiriwa, na sheria ya shirikisho imeweka dari ya asilimia 50 hadi 65 ya kipato kinachobaki baada ya kodi na makato ya lazima, kutegemea kama mdaiwa ana familia nyingine na ana malimbikizo ya muda gani. Makato ya mshahara huondoa mambo mawili yanayochosha kuliko umaskini: kukumbushana, na kunyenyekeana.

Kama hakuna mwajiri, malipo yapite benki, kwa simu au kupitia ofisi ya mahakama, yaani njia inayoacha alama. Fedha taslimu mlangoni ni chanzo cha kesi ya pili, kwa kuwa kila upande atakumbuka kiasi tofauti. Zawadi nazo huleta ubishi. Baiskeli ya siku ya kuzaliwa inampendeza mtoto, lakini kwa kawaida haipunguzi matunzo ya mwezi ule kama amri imesema fedha.

Asipolipa, usikae miezi kumi ukitumaini. Andika malimbikizo mwezi kwa mwezi: kilichotakiwa, kilichofika, kilichobaki. Peleka jedwali hilo uombe amri ikaziwe. Zana hutofautiana kati ya nchi na nchi: kukamata akaunti au mali, kuzuia marejesho ya kodi, kusimamisha leseni. Marekani humnyima pasipoti anayedaiwa zaidi ya dola 2,500. Tena huko, tangu mwaka 1986, kila malipo yaliyopitiliza tarehe huwa na nguvu ya hukumu, na jaji hawezi kurudi nyuma kuyafuta.

Mwisho wa ngazi kuna jela, kwa kosa la kudharau amri ya mahakama. Wazazi waliochoka huitaja mapema mno. Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Turner dhidi ya Rogers mwaka 2011, ilisisitiza kwamba asifungwe mtu bila kuchunguzwa kwanza kama ana uwezo wa kulipa, na hoja hiyo ni ya akili hata nje ya Marekani: aliye ndani haingizi kitu, na deni linaendelea kukua. Kwa maoni yangu kitisho cha jela kinafaa kwa aina moja ya mdaiwa tu, mwenye fedha anayezificha. Huyo mara nyingi hulipa akiwa bado koridoni.

Kwa mzazi asiye na kitu kabisa, nchi kama Ujerumani na Sweden zina mpango wa serikali kumlipa mtoto kwanza, kisha serikali yenyewe ikamdai mzazi. Pasipo na mpango kama huo, amri dhidi ya asiye na kitu bado ina faida, kwa sababu inamngoja apate.

Mambo yakibadilika

Amri ya matunzo haijachongwa kwenye jiwe. Mdaiwa akipoteza kazi kweli, au mtoto akipata ugonjwa wa kudumu, au ada ikipanda anapoingia sekondari, upande wowote unaweza kuomba ibadilishwe. Lakini ibadilishwe na mahakama. Mdaiwa anayejipunguzia mwenyewe kwa sababu hali ni ngumu anajikusanyia malimbikizo bila kujua, na mzazi anayelea anayekubali kwa mdomo "lipa nusu kwanza" anajitengenezea ubishi wa baadaye. Kama ilivyo kwa ombi la kwanza, mabadiliko kwa kawaida huhesabiwa tangu siku yalipoombwa.

Mzazi akihamia nchi nyingine, ombi linapita ofisi nyingi zaidi lakini halifi. Mkataba wa Hague wa mwaka 2007 kuhusu matunzo ya watoto umeziunganisha nchi wanachama kwa ofisi kuu zinazopokeana maombi, na nchi nyingi zilizokuwa chini ya Uingereza zina sheria za kutambuliana amri za matunzo. Swali la kwanza la kuuliza ni kama nchi yako na anakoishi zina mkataba au utaratibu wowote kati yao, kabla ya kulipa wakili popote.

Na ukomo? Nchi nyingi husimama mtoto anapofikisha miaka 18, lakini New York hufika 21, na kwingi masomo au ulemavu huweza kusogeza mbele. Umri ukifika, kinachosimama ni malipo mapya. Ya zamani yasiyolipwa hayafutiki kwa keki ya kutimiza miaka 18. Mzazi aliyemlea mtoto yule kwa mkopo na kwa kibarua anaweza kuwa bado anadai wakati mtoto mwenyewe ameshaanza kazi. Kwa hiyo lile daftari lisitupwe, pamoja na risiti zake na nakala ya amri iliyogongwa muhuri.